Bodi ya Mikopo imetoa nusu ya ada, chuo kinataka 60% muhula wa kwanza: hesabu inakaaje?

MleziKahama
Wakuu, salaam. Kijana amechaguliwa shahada ya kwanza chuo binafsi na ameshathibitisha udahili. Ada ni 2,400,000 kwa mwaka. Kwenye SIPA, akaunti yake ya mtandaoni ya mkopo, Bodi ya Mikopo (HESLB) imempangia ada 1,200,000, na chakula na malazi na vitabu vipo. Muundo wa ada wa chuo unasema 60% muhula wa kwanza, 40% wa pili, na michango mingine ya 260,000 inalipwa yote mwanzoni. Wanaojua mambo haya naomba msaada: aripoti akiwa na shilingi ngapi? Zisipotimia tunafanyaje? Na rufaa ya kuomba Bodi iongeze mkopo inasaidia au ni kupoteza muda?

Mizania
Mkuu, usiangalie mwaka mzima, angalia mihula. Chuo kinataka 60%, yaani 1,440,000. Ada ya Bodi huja kwa mihula, kwa hiyo hesabu 600,000. Pengo la muhula wa kwanza ni 840,000. Muhula wa pili chuo kinataka 960,000, Bodi 600,000, pengo 360,000. Mzigo wa familia kwa mwaka ni 1,200,000, ila 70% yake inaangukia mwanzoni kabisa. Wazazi wengi hukwama hapo kwa sababu wamejipanga kwa 600,000 na 600,000.

Juu ya hiyo 840,000 weka michango 260,000, inakuwa 1,100,000. Michango hiyo Bodi haigusi. Humo kuna 20,000 ya kila mwaka ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, ile hela ya tahadhari inayorudishwa akimaliza, na bima ya afya. Kama kijana ana kadi ya NHIF (bima ya afya ya taifa) kupitia mzazi na bado iko hai, aende na nakala yake na aombe bima iondolewe kwenye bili. Kiwango cha wanafunzi kilichozoeleka kimekuwa 50,400, na wengi huilipa mara mbili bila kujua.

Halafu kuna kuishi. Bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, haliingii siku anayoshuka kwenye basi. Lazima kwanza asajiliwe, apate namba ya usajili, jina lipelekwe Bodi, kisha asaini kupokea mkopo. Weka wiki 5 za chakula: 5,000 kwa siku ni 175,000. Akikosa hosteli ya chuo, gheto (chumba cha kupanga) la 40,000 kwa mwezi mwenye nyumba atataka miezi 6 mkupuo, 240,000. Jumla yako ni 1,515,000. Hiyo ndiyo namba ya kutafuta, nauli na godoro bado.

DawatiLaMikopo
Naongezea upande wa chuo. Zisipotimia, msikae kimya mkisubiri wiki ya usajili iishe. Mwanafunzi aandike barua kwa mkuu wa idara ya fedha ya chuo, aambatanishe ukurasa wa SIPA unaoonyesha mgawanyo wa mkopo kipengele kwa kipengele, na stakabadhi ya alicholipa tayari. Barua isiseme tu "naomba muda". Iandike tarehe na kiasi: mfano 400,000 leo, 220,000 tarehe fulani, 220,000 kabla ya mitihani. Mhasibu anaweza kukubali ratiba, hawezi kukubali huruma. Mkikubaliana, chukueni nakala yenye muhuri. Bila hiyo karatasi, mfumo ukimfungia kadi ya mtihani wiki ya mwisho, hakuna mtu atakayekumbuka mlizungumza nini ofisini.

Kabla ya kulipa, mwulizeni mhasibu bili ni ya aina gani. Kwa vyuo vinavyotumia namba ya kumbukumbu ya malipo (control number), bili nyingine inapokea kidogo kidogo, nyingine inakataa chochote kisicho kiasi kamili. Na namba ina tarehe ya kuisha. Mtu analipa kwa namba iliyokufa, muamala unagoma, anampa hela "kijana wa stationari amsaidie". Msifanye hivyo.

Jambo jingine zito ni kusaini. Ada inaenda chuoni moja kwa moja, lakini mwanafunzi ndiye anayeithibitisha, siku hizi kwa alama ya kidole. Asiposaini ndani ya muda uliotangazwa, fedha zinarudishwa Bodi na chuo kinamdai ada yote kama asiye na mkopo. Awe anasoma mbao za matangazo za dawati la mikopo, asitegemee kundi la WhatsApp la darasa.

KaratasiKwanza
Kuhusu rufaa: inasaidia kama una nyaraka ambayo haikuwemo kwenye maombi ya kwanza. Barua ya kulalamika kwamba maisha ni magumu haibadilishi kitu, maana mfumo unapima vielelezo.

Pitieni upya fomu aliyotuma. Baba au mama amefariki na mliweka kibali cha mazishi? Hicho hakihesabiki, kinatakiwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo). Kaya iko TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini)? Namba ya kaya iliingizwa? Kuna ulemavu, wake au wa mzazi? Fomu yake inasainiwa na Mganga Mkuu wa Wilaya. Alisomeshwa sekondari na mfadhili? Barua ya mfadhili iwepo.

Kisha angalieni namba ya mtihani ya kidato cha nne. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Akiombea udahili kwa moja na mkopo kwa nyingine, mifumo inaona watu wawili. Na jina la cheti cha kuzaliwa lisomeke sawa na la NECTA (baraza la mitihani), herufi kwa herufi. Dirisha la rufaa ni fupi, na uhakiki wa RITA unachukua siku, kwa hiyo anzeni RITA leo, msisubiri tangazo.

MleziKahama
Shukrani sana wakuu. Swali moja: bumu linaweza kuziba hilo pengo la 360,000 muhula wa pili?

Mizania
Linaweza, kwa masharti. Kiwango cha juu cha chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, kilipandishwa kutoka 8,500. Angalieni kwanza amepangiwa kiasi gani, si wote wanapata kiwango kizima. Akipata yote, bumu la siku 60 ni 600,000. Akiishi kwa 7,000 zinabaki 180,000, na mabumu mawili ya muhula wa kwanza yanatoa 360,000 kamili. Lakini 7,000 hiyo ni chakula, nauli, vocha na sabuni, na kodi ya gheto iwe imeshalipwa na nyumbani. Kwa Dar es Salaam, anayepanga mbali na chuo hataiweza. Mimi ningehesabu nusu tu, 180,000, na nyingine nitafute mapema. Mtoto asiache kula ili ada itimie. Anayelala njaa wiki ya majaribio anarudia somo, na kurudia somo nako kunalipiwa.

KaratasiKwanza
Na kama mnawaza kuhamia chuo cha ada nafuu, uhamisho una dirisha lake TCU, na mkopo nao lazima uhamishwe kwa taarifa ya vyuo vyote viwili. Akihama kimyakimya, ada inaendelea kwenda kule alikotoka. Akiahirisha mwaka, Bodi ijulishwe kwa barua ya chuo, vinginevyo akirudi anakuta mkopo umesimama.

DawatiLaMikopo
Marejesho pia myajue sasa. Akiajiriwa anakatwa 15% ya mshahara wa msingi. Kwa mshahara wa 800,000 ni 120,000 kwa mwezi. Ile 6% ya kulinda thamani iliyokuwa ikiongezeka kila mwaka ilifutwa 2021, kwa hiyo deni halivimbi tena kwa njia hiyo. Kila anaposaini, aandike tarehe, kipengele na kiasi kwenye daftari. Taarifa ya deni itakapokuja na namba tofauti, daftari hilo ndilo atakaloanza nalo kuuliza.