Belgica, giza la Antaktika na homoni

Mkesha
Ndugu zangu, meli ya Belgica ya Adrien de Gerlache, kiongozi wa msafara, ilinaswa na barafu ya Antaktika mwezi Machi 1898, ikakaa humo takriban mwaka mzima. Jua lilipotoweka kwa zaidi ya miezi miwili, mabaharia walivimba nyuso na miguu, mapigo ya moyo yakaenda mrama, na wengine wakarukwa na akili. Daktari wao, Frederick Cook, akawa anawasimamisha mbele ya jiko la moto wakiwa bila nguo, akiamini kwamba mwanga na joto vingewarudishia nguvu. Je, alikuwa anatibu homoni bila kujua?

Tezi
Kwa sehemu, huenda. Gizani ubongo humwaga melatonini, homoni ya usingizi, na mwanga mkali ukiingia machoni homoni hiyo hushuka. Pasipo na mapambazuko, saa ya mwili hukosa cha kuirekebisha, usingizi ukahama na moyo ukaingia unyonge. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, nayo huguswa: kwa wanaokaa miezi mingi Antaktika, homoni yake iitwayo T3 huzalishwa na kutumika kwa kasi kuliko kawaida, na hali hiyo imehusishwa na usahaulifu na huzuni.

Kata Ngalawa
Naomba kutofautiana. Mwanga wa jiko ni hafifu na una bluu kidogo mno, ilhali bluu ndiyo inayoizuia melatonini barabara. Uvimbe ule, kwa maoni yangu, ulitokana zaidi na lishe, kiseyeye kikiwamo. Cook aliwalisha nyama mbichi au iliyopikwa kidogo ya pengwini na sili, ambayo de Gerlache mwenyewe aliichukia kupita kiasi, na walioila wakapata nafuu, akiwamo nahodha Georges Lecointe, aliyekwisha kukata tamaa hata akaandika wosia.

Mkesha
Basi tunawezaje kulitenga giza na chakula?

Kata Ngalawa
Mtazame Mike Stroud, daktari aliyevuka Antaktika kwa miguu na Ranulph Fiennes mwaka 1992 hadi 1993, akipima damu yao njiani. Ilikuwa kiangazi, jua halikuchwa kabisa, hata hivyo testosteroni yao, homoni ya kiume, iliporomoka, na kila mmoja alipoteza zaidi ya kilo 20, kwa sababu kuvuta sleji kuliteketeza nishati nyingi kuliko waliyokula. Mwili ukikosa nishati, ubongo hupunguza amri zinazokwenda kwenye korodani, na hilo humpata yeyote anayekula pungufu kwa muda mrefu huku akifanya kazi nzito, hata penye joto.