Mfungwa anapita bure, mwanangu anaambiwa weka laki tatu na nusu kwanza!

Wakuu, nisipoandika hili nitagombana na mtu.

Jumamosi dogo wangu, miaka 8, kaanguka mwembeni, mkono umepinda kama jembe. Tumefika hospitali ya mkoa: kumwona daktari, lipa. Picha, lipa. Halafu: "Huyu anawekewa vyuma. Weka laki tatu na nusu ndiyo aingie thieta." Mimi bodaboda, pikipiki yenyewe ya mkataba. Mfukoni elfu arobaini.

Tuko kwenye benchi, wanaingia askari magereza wawili na mfungwa, sare ya chungwa, pingu mkononi, mguu umevimba hatari. Hakuna aliyemuuliza risiti. Kapigwa picha, kafungwa plasta, bili wanajuana wenyewe.

Msinirukie. Yule jamaa simchukii, ndiye mtu pekee pale aliyeniuliza "dogo kapatwa na nini?" Na hoja naijua: hawezi kutoka kutafuta hela, basi aliyemfungia amtibu. Hata Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, 2015, zinasema mfungwa atibiwe bure, kwa kiwango kilekile cha walio uraiani. Sasa kiwango cha uraiani ndicho hiki cha dirisha la malipo?

Mtasema bima. Nilimkatia Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto, 50,400 kwa mwaka. 2023 usajili wa mmoja mmoja ukasitishwa, mwaka uleule Bunge likapitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hao wote sijui wanakaa mtaa gani.

Mtasema msamaha wa malipo. Nimeenda ustawi wa jamii: "Leta barua ya mtendaji wa mtaa." Jumamosi, saa kumi jioni! Angekuwa chini ya miaka mitano sera ya matibabu bure ingembeba. Kosa la dogo ni kukua.

Kalala na mkono ule hadi Jumatatu, shemeji alipouza mbuzi wawili. Siku hizo mbili nimekatwa kodi kwenye kila lita ya petroli niliyojaza, na hakuna aliyeniambia nilete barua ya mtendaji kwanza.

Alhamisi tunarudi kusafisha kidonda, nadaiwa laki na themanini. Aliyewahi kupata msamaha kwa mtoto aliyevuka miaka mitano aniambie alianzia ofisi gani, na alienda na karatasi zipi.