Je, mgonjwa wa kisukari apimwe vinasaba kabla ya kuanzishiwa dawa?

Hoja iliyo mbele yetu inataka kila mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili apimwe vinasaba kabla ya kuanzishiwa metformini au pioglitazoni, dawa zinazousaidia mwili kuitikia insulini, kwa kuwa hazimfai kila mtu kwa kiasi kimoja. Msingi wa hoja naukubali. Pendekezo lenyewe, kwa sasa, nalipinga.

Ni kweli kwamba metformini huingia kwenye ini kupitia protini iitwayo OCT1, na kwamba waliorithi nakala mbili dhaifu za jeni yake wana uwezekano zaidi ya maradufu wa kushindwa kuivumilia dawa hiyo kwa sababu ya kichefuchefu na kuharisha. Lakini tumbo likisumbua mgonjwa atasema mwenyewe, naye atapunguziwa dozi, atashauriwa ameze baada ya kula, au atabadilishiwa vidonge vinavyoyeyuka polepole. Vilevile, utafiti wa mwaka 2016 uliojumuisha watu zaidi ya 13,000, wengi wao wenye asili ya Ulaya, ulionyesha kuwa kwa watumiaji wa metformini, kila nakala ya aina fulani ya jeni ya SLC2A2 iliambatana na kushuka zaidi, kwa pointi 0.17 za asilimia, kwa HbA1c, yaani kipimo cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu. Tofauti hiyo ipo, ila ni ndogo mno kuamua nani apewe dawa na nani anyimwe.

Pioglitazoni nayo huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha CYP2C8. Aina ya jeni yake iliyobadilika na kuchunguzwa zaidi Ulaya ni ile ya *3, ilhali kwa wagonjwa wa malaria waliopimwa Zanzibar, matokeo yakachapishwa mwaka 2005, iliyoonekana zaidi kati ya zilizobadilika ni *2. Tukinunua vipimo vilivyobuniwa kwa takwimu za wengine, tutalipia majibu ya maswali yasiyotuhusu.

Jeni inayonitia wasiwasi hasa haigusi dawa, inagusa kipimo. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ulioenea pwani yetu kwa sababu humkinga mtu dhidi ya malaria kali, hufupisha uhai wa chembe nyekundu za damu, na hivyo HbA1c husomeka chini kuliko hali halisi. Utafiti wa mwaka 2017 ulikuta kwamba kwa wanaume Wamarekani Weusi wenye hitilafu hiyo, kipimo kilikuwa chini kwa karibu pointi 0.8. Mgonjwa wa Tanga mwenye HbA1c ya asilimia 6.4, inayoonekana nzuri, na sukari ya asubuhi, kabla ya kula, ya 9 mmol/L, iliyo juu, atapongezwa kuwa dawa imemkubali, na huku macho na figo zake zinaendelea kuumia. Huyo anaokolewa na daktari anayelinganisha namba hizo mbili na kushtuka zinapokinzana.

Wanaounga mkono hoja watujibu: kliniki iliyoishiwa stripu za kupimia sukari ianze kugharimia kipimo kipi?