Waandaaji, tunzo si malipo yangu! Nimechoka kukatwa jasho langu kwa sababu nasafiri peke yangu

Wakuu, nimeshuka basi stendi ya Kange hapa Tanga saa hizi, kinanda kiko miguuni, bajaji sijaita. Nimekaa kwenye benchi niandike kwanza, maana nikifika nyumbani nikaoga nikalala, kesho nitasema "basi yaishe". Nimeshasema yaishe mara nne. Hii ya tano hapana.

Miaka 13 nimeimba taarabu kwenye kikundi kimoja hapa Tanga. Mwezi wa tatu nilitoka, kwa heri kabisa, tukasomeana dua na pilau tukala, sina neno na wenzangu. Nikanunua kinanda cha mkono wa pili, nikakaa nacho usiku na mchana mpaka vidole vikakubali kupiga huku mdomo unaimba, nikaanza kuitikia mialiko mwenyewe. Muheza, Korogwe, Pangani, Lushoto mara moja, na juzi Bagamoyo. Shughuli 9 mpaka leo. Nne nimelipwa kama tulivyoagana. Hizo tano nyingine zote ugomvi wake ni mmoja: tunzo, zile noti wasikilizaji wanazomtuza mwimbaji.

Nawaeleza ya Bagamoyo kwa sababu ndiyo iliyonitoa machozi, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu.

Mwandaaji alinitafuta yeye. Sherehe ya akina mama wa kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, wanavunja mzunguko wao, wanataka taarabu ya kukaa na kusikiliza, si ya kurushana roho mpaka asubuhi. Tukakubaliana 350,000. Advansi 100,000 akanitumia kwa simu, iliyobaki 250,000 nikishuka jukwaani. Ujumbe wote ninao, sijafuta hata nukta.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Tanga kwenda Bagamoyo huna haja ya kufika Dar, unashuka Msata unakamata barabara ya Bagamoyo, kilomita 64. Lakini konda hajui Msata, konda anajua Dar, kwa hiyo nauli ni ya Dar nzima. Kinanda nacho kikaitwa mzigo, 15,000, risiti hakuna. Kikatupwa kwenye buti. Nimewaambia kile ni chombo, kina skrini, kina vitufe, wakaniambia "mama, hakivunjiki hicho". Kila buti lilipofunguliwa nilikuwa chini kabla ya konda. Muheza wamepakia viroba vya machungwa, nimeshuka nikakitoa kinanda chini ya viroba kwa mikono yangu. Segera nimeshuka tena. Pale Msata Coaster ikaniambia kinanda kitakaa kwenye siti, basi nikalipa siti mbili.

Kuna jambo dogo nataka mlijue, hasa nyie mnaosema "msanii wa kujitegemea anakula peke yake". Nimejifunza kutokunywa maji safarini. Nani atanishikia kinanda nikienda chooni? Kikundini tulikuwa watu 16. Vijana wa ngoma walikuwa wanalinda vyombo, mimi nashuka Mombo nanunua muhogo, narudi nakuta kila kitu kipo. Sasa hivi natoka nyumbani alfajiri, koo linakauka, na koo ndiyo kazi yangu. Nafika nimekauka halafu naambiwa sauti leo imekwaruza.

Gesti ya kwanza mhudumu akaniuliza, "Mwenzio anakuja saa ngapi?" Nikamwambia sina mwenzangu, nimekuja kikazi. Akanitazama juu mpaka chini, mwanamke mtu mzima, baibui mwilini, kinanda begani, akasema vyumba vimejaa. Nyuma yangu akaingia mwanamume, akapewa ufunguo. Nikatembea hadi gesti ya pili na kile kinanda. Sitasema zaidi, wanawake wanaosafiri kikazi wanajua.

Ukumbini ndipo ilipo habari.

Kwa wasioijua taarabu: mtu akiguswa na ubeti anainuka, anakuja mbele taratibu na noti yake, anamtunza mwimbaji. Kwenye kikundi mimi nimesimama na maiki, mikono iko huru, noti naipokea mkononi, nyingine unabandikwa kwenye paji la uso, nyingine unarushiwa. Tulikuwa na mweka hazina na daftari lake. Nusu ya tunzo ya mwimbaji, nusu ya kikundi, na hiyo ni baina yetu sisi. Mwandaaji hakuwahi kuigusa. Angethubutu vipi mbele ya watu 16?

Sasa mimi napiga kinanda na kuimba. Mikono yote miwili iko kwenye vitufe. Nikiutoa mmoja kupokea noti, muziki unakatika. Kwa hiyo nimeweka kibeseni pembeni ya stendi, mtu akija anatia humo. Juzi mwandaaji akaleta kijana wake, "akusaidie dada, upepo usipeperushe". Nikashukuru. Kumbe kijana kazi yake ni kuhesabu.

Usiku ule ulikuwa mzuri, nasema kweli. Mitambo ilinisumbua mwanzo. Kikundini alikuwepo mtu anasimama mwisho wa ukumbi ananionyesha kwa mkono, panda, shuka. Safari hii sikuwa na mtu, nyimbo mbili za kwanza sauti ilizama ndani ya besi na sikujua mpaka mama mmoja alipokuja kuniambia sikioni. Baada ya hapo mitambo ikakaa sawa. Kuna mama, yeye alikuja mara tatu kwenye ubeti uleule, kila mara noti ya 10,000, na kila akija hanitazami mimi. Anatazama meza ya upande wa pili. Meza ile ikajua inaambiwa yenyewe. Ukumbi mzima ukajua. Mara ya tatu wenzake wakaja nyuma yake wamefuatana na vigelegele, na mimi nikaurudia ubeti mara nne kwa sababu mwenye ubeti alikuwa yeye, si mimi tena.

Nimeshuka jukwaani saa saba usiku. Mwandaaji akanikabidhi 82,000.

Nikadhani amekosea. Nikamwambia kaka, ni laki mbili na nusu. Akasema, kwa upole kabisa, "Dada, si umeshapata? Kijana kahesabu, kwenye beseni ilikuwa 168,000. Na 82 hii. Na 100 ya awali. Jumla si ileile laki tatu na nusu?"

Mnaona hesabu hiyo? Inakaa sawa kabisa kwenye karatasi. Na ni wizi.

Ile 168,000 haikutoka mfukoni mwake. Wametoa akina mama wale. Na hawakuitoa ili kumlipia mwandaaji deni lake! Yule mama wa 10,000 mara tatu alikuwa anasema neno lake mbele ya watu, neno ambalo pengine ameliweka kifuani mwaka mzima na hawezi kulisema kwa mdomo wake. Taarabu iko hivyo. Tunzo ni maneno ya msikilizaji. Yeye amelipa kiingilio mlangoni, hiyo ndiyo ya mwandaaji. Akiinuka na noti, hiyo ni baina yake na ubeti. Leo mwandaaji amechukua maneno ya yule mama akayafanya punguzo la bei. Kaniibia mimi, na wale akina mama kawaibia pia, na laiti wangejua pale pale ukumbini mambo yangekuwa mengine. Mimi nikanyamaza kwa sababu ilikuwa saa saba usiku, sina mtu, gesti iko mbali, na yeye alikuwa na wanaume wanne nyuma yake. Hilo la kunyamaza ndilo linaloniuma kuliko hela.

Na msiniambie ni yeye tu. Pangani niliambiwa "tunzo zilikuwa nyingi, tusaidiane". Korogwe nikakatwa 40,000 kwa sababu hiyohiyo. Muheza mara mbili. Wakati nipo kwenye kikundi sijawahi kusikia neno hili hata siku moja. Limeanza nilipoanza kusafiri peke yangu. Wanaona mtu mmoja, beseni moja, hakuna kiongozi, hakuna mweka hazina, hakuna vijana wa ngoma mlangoni. Tena wananiambia wazi: "Uko peke yako, hela yote hii ya nini?" Jamani, nauli ya kinanda haijui kama niko peke yangu. Gesti haikati nusu. Kikundini nauli tuligawana, gari la kukodi tuligawana, hasara tuligawana. Sasa siti mbili za Coaster ni zangu zote mbili.

Watu wananitajia Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, eti mwanamke alifika mpaka Bombay 1928 kurekodi, wewe Bagamoyo tu unalia. Siti alikwenda na wenzake, akina Mbaruk, wapigaji waliokaa naye miaka. Hakwenda na beseni. Na mji wetu huu Tanga, muziki wake wote ulikuwa wa vikundi. Black Star na Lucky Star walipoleta magitaa kwenye taarabu zilikuwa klabu, zina wanachama. Mwimbaji Bi Shakila ametokea humo. Upande wa dansi akina Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, vilevile ni watu wengi nyuma ya jina moja. Ndiyo maana hakuna desturi ya kumtendea haki mtu aliyekuja mwenyewe. Mwandaaji amezoea kuzungumza na kiongozi wa bendi, mwanamume, amekunja mikono. Akiniona mimi anaona upenyo.

Na inaniuma zaidi kwamba ni Bagamoyo. Mji wenye TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, mji uliokuwa na Chuo cha Sanaa tangu 1981, kila mwaka kuna tamasha pale, watoto wanafundishwa ngoma na jukwaa. Mji huo ndio ninaokwenda kuhesabiwa beseni na kijana wa mlangoni!

Najua majibu yenu yanakuja, niyawahi. "Nenda COSOTA." COSOTA ni ya hakimiliki, sheria yake ya 1999 inalinda kazi zangu na mirabaha, si deni la jukwaani. "Jisajili BASATA." Hilo Baraza la Sanaa nimesajiliwa, kitambulisho kilikuwa kwenye pochi usiku uleule, hakikumzuia mtu kuhesabu. "Tafuta meneja." Nimlipe na nini, na 82,000?

Ninachotaka ni kitu kimoja. Waandaaji mliomo humu, na najua mmo: mkitaka tunzo ihesabiwe kwenye malipo, semeni siku ya kupatana. Semeni "dada, tunakupa 350,000 lakini za beseni tunakata". Mimi nitakataa, utatafuta mwingine, tumeachana kwa amani. Kunipa bei moja kwenye simu na kunipa nyingine saa saba usiku nikiwa sina pa kwenda, huko ni kuniona mimi si mtu.

Na nyie mashabiki, mkija kumtunza anayeimba peke yake, muulizeni jioni ileile: hizi zinabaki kwako? Muulizeni kwa sauti, kwenye maiki.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Nimefika nyumbani. Wengi mnauliza jina la mwandaaji wa Bagamoyo, sitaliweka hapa, nataka hela yangu, sitaki kesi ya kumchafua mtu. Aliyeandika kwamba makubaliano ya mdomo na ya meseji hayana nguvu, hapana, nimeambiwa na mtu anayejua kwamba kwa Sheria ya Mikataba makubaliano ni makubaliano hata bila karatasi ya mwanasheria, na meseji ninazo zote. Deni ni 168,000. Aliyewahi kudai deni la namna hii Mahakama ya Mwanzo aniambie alianzia wapi, alilipia nini, na kama ilimlazimu kwenda kufungulia kule Bagamoyo au hapa Tanga, maana nikilazimika kwenda na kurudi mara tatu nauli itakula deni lote.

Dada wa Muheza aliyenitumia ujumbe kwamba na yeye anaimba peke yake kwenye maharusi na kakatwa hivyohivyo, nimekujibu, tuzungumze kesho. Tukiwa wawili tunaweza kupangiana, wewe unishikie beseni langu na mimi nikushikie lako.

Jumamosi nina shughuli Korogwe. Leo nimemwandikia mwandaaji kabla sijakata tiketi: "Kaka, malipo ni 300,000. Tunzo ni za msanii, haziingii kwenye hesabu hiyo. Naomba unijibu ndiyo." Tiki mbili za bluu tangu saa kumi na moja jioni. Hajajibu.