Mwanangu anakariri kitabu badala ya kusoma, nifanyeje?

MamaMakorora: Wakuu habari za jioni. Kijana wangu yuko darasa la kwanza hapa Tanga mjini. "Ba be bi bo bu" anaimba mpaka majirani wameishika. Muulize "bi" peke yake: kidole kinarudi kwenye "ba", anapanda nayo mpaka aifikie. Kitabu anakimaliza chote, ila nikiziba picha ya mbuzi kwa gumba, kimya! Baba yake anasema uvivu. Akili anazo, akitumwa dukani chenji haimpiti. Naombeni ushauri.

Kibonge_wa_Duga: Fimbo mbili tu, atasoma.

Bi_Mkubwa: Wewe Kibonge hebu tulia. Dada, kwanza kampime macho na masikio.

Ticha_KKK: Nafundisha la kwanza, hao ninao kila mwaka. Si uvivu, mtoto anaegemea wimbo na picha. Kusoma kunaanzia sikioni: ajue "mbuzi" ina vipande viwili, mbu na zi, na ndani ya zi kuna sauti z na i. Mnakumbuka kinyume cha utotoni? Mbuzi ikawa zimbu, samaki ikawa kisama. Mchezeshe huo mkiwa mnapika, hauhitaji hata daftari.

Kisha kata boksi la sabuni, andika ba, bi, bu mbili mbili, uchanganye. Atunge babu, bibi, bubu. Wimbo hautamsaidia hapo.

Angalia na kasi. Denckla na Rudel, watafiti wa Marekani, walionyesha mwaka 1976 kwamba watoto wenye shida kubwa ya kusoma huchelewa kutaja hata rangi na vitu wanavyovijua. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mwenye shida anaweza kusoma bila kukosea sana, ila anajikokota. Usihesabu makosa tu, sikiliza mwendo.

Mzee_wa_Raskazone: Kinyume! Tulikuwa tunamsengenya shangazi mbele yake, naye anatucheka tu.

MamaMakorora: Ticha, nimemjaribu sasa hivi. Mbuzi amepata. Samaki kasema "kimasa".

Ticha_KKK: Safi sana mama, vipande vyote vitatu kavisikia. Kinachomponyoka ni kushika mpangilio kichwani mpaka afike mwisho. Baki na maneno ya silabi mbili kwanza, yakishanyooka ndiyo mrudi kwa samaki. Na mwambie baba yake naye acheze.

MamaMakorora: Huyo ndiye kwanza ameshindwa "nyumba".