Meza ya bonsai Nanenane Ipuli: gumzo la kikundi, Kigoma na Tabora

*17 Juni*

Mwalimu Mwanga: Habari za jioni wanakikundi. Kwa maonyesho ya bonsai zetu, yaani miti tunayoifupisha na kuilea vyunguni, tumepata meza 3 ndani ya banda uwanja wa Ipuli, Tabora, tarehe 1 hadi 8 Agosti. Kila mtu aandike mti anaoleta, urefu wake na aina ya chungu. Meza moja miti 4 ya wastani basi. Tukiibana, watazamaji wataona kichaka, hawataona mti.

Kaka Kasulu: Shikamoo mwalimu. Nina mkuyu wa sm 55, chungu cha saruji. Na mgunga mdogo wa sm 18.

Mwalimu Mwanga: Marahaba. Yote miwili iandike.

Dada Gungu: Mimi mti wa benjamina, ule wa mapambo wa jamii ya mkuyu, sm 40, umejaa majani hasa 😍

Mzee Ujiji: Binti yangu, benjamina uache nyumbani. Mti ule ukibadilishiwa mwanga na hewa ghafla unapukutisha majani. Utaubeba zaidi ya kilomita 400, ufike Tabora kwenye hewa kavu, siku ya 4 unaonyesha fagio. Leta microcarpa, ndugu yake mwenye gome la kijivu na majani mazito. Huo unavumilia.

Dada Gungu: Sawa mzee, microcarpa basi. Sm 32.

Buzebazeba: Jamani Kigoma tunakwenda bila mchikichi? Si ndiyo nembo yetu! Hata mmoja mfupi kwenye sinia.

Mzee Ujiji: Haiwezekani. Mchikichi una kichipukizi kimoja tu, pale juu. Ukikikata umeua mti, hautoi matawi. Na shina lake halinenepi mwaka hadi mwaka kama la mkwaju, halina ile tabaka ya chini ya gome inayozaa mbao. Kwa hiyo huwezi kuufupisha ukajenga kichwa upya. Mgomba na mnazi vivyo hivyo.

Buzebazeba: Nimeelewa. Basi mimi mbuyu, ila saa hizi hauna hata jani moja.

Mwalimu Mwanga: Ulete hivyo hivyo. Maonyesho ya bonsai ya Kokufu-ten pale Ueno, Tokyo, yaliyoanza 1934, hufanyika Februari, na miti inayopukutisha huonyeshwa bila majani makusudi, ili matawi yaonekane hadi vijiti vya mwisho. Mbuyu uchi unaonyesha kila kitu: unene wa chini, jinsi shina linavyopungua, na makovu yako yote. Ila usiumwagilie mpaka uanze kuchipua. Mbuyu uliolala ukipewa maji unaoza kuanzia mizizi na juu hutaona dalili.

Kaka Kasulu: Mkuyu wangu majani ni makubwa kama kiganja. Niyanyoe yote ili yarudi madogo?

Mzee Ujiji: Una nguvu? Ulibadilishiwa udongo lini?

Kaka Kasulu: Mwaka juzi. Unachipua vizuri, hauna wadudu.

Mzee Ujiji: Nyoa kesho asubuhi, usingoje. Kwenye joto kali wiki 4 zinatosha majani kurudi, lakini usiku wa Kasulu wa Juni na Julai una baridi, hesabu wiki 6 na zaidi. Kata bapa la jani kwa mkasi, acha kikonyo. Kikonyo kitaanguka chenyewe, na chipukizi litatoka kwapani mwake. Ukinyofoa kwa mkono unachubua kile kichipukizi. Matawi ya chini yaliyo dhaifu yaachie majani mawili ya mwisho, maana ya juu hunyang'anya nguvu. Utomvu upulizie maji hapo hapo, ukikauka kwenye gome unaacha madoa.

Mzee Ujiji: Halafu la muhimu: ukishanyoa, PUNGUZA MAJI. Mti usio na majani haunywi. Watu wakiona mkuyu umekufa baada ya kunyolewa wanalaumu mkasi, kumbe ni ndoo. Ingiza kijiti cha mshikaki kwenye udongo hadi chini, kikitoka na unyevu acha. Mbolea isubiri hadi majani mapya yakomae. Ukiitia mapema majani yanarudi mapana kama ya kwanza.

Dada Gungu: Na microcarpa?

Mzee Ujiji: Huo toa yale makubwa tu ya nje, nusu hivi, ili mwanga uingie ndani. Mkwaju usinyolewe kabisa, majani yake ni madogo tayari. Bana ncha hadi tarehe 10 Julai kisha uache utulie.

*18 Juni*

Buzebazeba: Wakuu, kupindia matawi, waya wa kufungia nondo unafaa? Aluminiamu hapa mjini sijaiona.

Fundi Waya: Haufai. Ule ni chuma, unashika kutu na doa la kutu halitoki kwenye gome. Tena ni mgumu, unaumiza tawi kabla halijapinda. Tumia kopa ya nyaya za nyumba, zile za uzi mmoja. Waya namba 1.5 una unene wa karibu mm 1.4, namba 2.5 ni mm 1.8, namba 4 ni mm 2.25. Kanuni: unene wa waya uwe theluthi ya tawi. Tawi la mm 5, chukua 2.5.

Fundi Waya: Vua plastiki kwa kisu, usiichome, moshi wake ni sumu. Kisha weka kopa tupu kwenye jiko la mkaa hadi iwe nyekundu hafifu, itoe ipoe. Inakuwa laini kabisa. Ukishaipinda inakaza, ndiyo maana inashika vizuri kuliko aluminiamu, ila huna nafasi ya pili: ukinyoosha na kupinda tena unavunja tawi. Zungusha kwa nyuzi 45. Waya mmoja ushike matawi mawili jirani, ukianzia kwenye shina, la sivyo unazunguka tu bila kushika kitu.

Kaka Kasulu: Ukifika Ipuli waya utoke au ubaki?

Fundi Waya: Ukiwa nadhifu ubaki. Kutoa wiki moja kabla ni kujitafutia balaa, tawi litarudi juu. Lakini ukiona umeanza kuingia kwenye gome, kata kila mzunguko kwa plaiz yenye ncha. Usiuzungushe kuutoa.

Mama Isevya: Hodi jamani, nimesoma yote. Swali la kisheria: kuna mtu wa hapa Tabora ana mninga mzuri kauchimba msituni, anaomba meza.

Mwalimu Mwanga: Ana kibali?

Mama Isevya: Hajasema.

Mwalimu Mwanga: Basi bado. Sheria ya Misitu ni ya 2002 na kuchimba mti kwenye hifadhi bila kibali ni kosa. Maafisa misitu wanatembelea mabanda kama watu wengine. Aje na mti wa mbegu au wa shambani kwake, meza ipo.

*9 Julai*

Dada Gungu: [picha]
Chungu kimepata ukoko mweupe, na majani mapya ni ya njano ila mishipa ya kijani. Mbolea nimeweka.

Mwalimu Mwanga: Dada, hapo si njaa, ni maji. Unamwagilia ya bomba?

Dada Gungu: Ndiyo.

Mwalimu Mwanga: Maji ya ziwa letu yana pH (kipimo cha uchachu, 7 ni katikati, juu yake si machachu) kati ya 8.6 na 9.2. Chuma kipo kwenye udongo lakini kwa hali hiyo mzizi hauwezi kukichukua, ndipo jani linabaki njano katikati ya mishipa. Ukiongeza mbolea unaongeza chumvi tu. Kama una maji ya mvua kwenye tangi, hayo ndiyo ya bonsai, ya bomba yabaki ya kufulia. Kama huna, tia siki nyeupe kijiko kimoja cha chai kwa lita, koroga, yaache kidogo, pima kwa karatasi ya pH. Lenga 6.5 hivi. Majani ya njano ya sasa hayatarudi yote, ila yatakayotoka yatakuwa sawa.

Mwalimu Mwanga: Ukoko wa chungu usugue kwa mswaki na siki, lakini funika udongo kwa plastiki kwanza na suuza.

Buzebazeba: Halafu tunapaka mawese king'ae 😂

Mzee Ujiji: Wewe kijana! Mafuta ya aina yoyote na vumbi la Ipuli la Agosti, jioni chungu kimevaa koti. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

*20 Julai*

Mama Isevya: Mafundi seremala wa hapa wana vipande vya mninga, wanachonga vibao vya kuwekea vyungu. Vipimo?

Mwalimu Mwanga: Kibao kizidi chungu kwa sm 3 hadi 5 kila upande, unene sm 2 unatosha. Wapige msasa na nta, wasipake vanishi ya kung'aa. Mti unaoning'inia wa Fundi ndio unataka kistuli kirefu, sm 40, ili ncha yake isiguse meza.

Mama Isevya: Nitatandika vitenge vizuri, ninavyo vya kutosha.

Mwalimu Mwanga: Mama, kitenge uvae wewe upendeze, meza tuitandike shuka la kijivu 😄 Na nyuma tufunge kitambaa cheupe au kijivu kisicho na mchoro. Majani madogo ya mkwaju mbele ya kitenge hayaonekani kabisa. Meza iwe sm 90 hadi 100, mtu mzima akisimama macho yake yatue katikati ya shina.

Kaka Kasulu: Udongo wa juu tuweke ule ujani wa kwenye kuta za kisima?

Mama Isevya: Kwa hapa hapana. Agosti hewa ni kavu na upepo unavuma, utakuwa wa njano siku ya pili. Wekeni tofali la kuchoma lililopondwa, lichekechwe punje za mm 1 hadi 2, tabaka jembamba. Tofali lililoiva lakini! Liloweke usiku kucha. Likigeuka tope, tupa.

*26 Julai*

Mwalimu Mwanga: Usafiri: pikapu moja inatoka Mwanga, Kigoma, tarehe 30 saa 11 alfajiri, njia ya Uvinza, Kaliua, Urambo. Wa basi, chagueni buti la katikati. Mabasi mengi injini iko nyuma na buti la nyuma linapika mizizi.

Fundi Waya: Kufunga: mwagilia jioni ya kuamkia safari, si asubuhi. Udongo uwe na unyevu lakini usiwe mzito wala wa kumwagika. Pitisha waya kwenye matundu ya chini ya chungu, ufunge mizizi mikubwa. Mti ukitikisika ndani ya chungu kwa saa nane, vijizizi vyote vipya vimekatika, na utaona majani yakinyauka huku udongo una maji. Chungu kikae ndani ya kreti ya soda iliyotolewa vigawanyo, pembeni ujaze magunia yaliyokunjwa. Kreti zifungwe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kamba ya manila inalegea njiani.

Mzee Ujiji: Juu neti ya kivuli, safu mbili. Turubai la plastiki HAPANA, jua likipanda majani yanachemka. Bila neti nako, upepo wa gari unakausha ncha zote.

Dada Gungu: Bogonvilia ya shangazi je?

Mzee Ujiji: Hiyo matawi yake hayapindi, yanakatika. Weka sponji katikati ya matawi, na iwe ya mwisho kupakiwa. Maua yakidondoka machache ni kawaida.

Fundi Waya: Na mkwaju ukifika umefumba majani msianze kupiga simu. Gizani unafumba kama usiku. Uwekeni kwenye mwanga, utafunguka.

*31 Julai*

Mama Isevya: Karibuni Tabora 🙏 Miti iko uani kwangu kivulini. Kreti ya Kaka Kasulu ilegezwe na nani?

Kaka Kasulu: Mimi niko njiani mama, ilegeze tu, mkuyu ufunguliwe waya wa chini baadaye.

Mwalimu Mwanga: Mpangilio: siku 1 hadi 4 mbuyu, mkwaju, mkuyu na bogonvilia. Siku 5 hadi 8 mgunga, microcarpa, na mti wa Fundi. Mkuyu ubaki siku zote 8, unavumilia kivuli. Mkwaju na mgunga ikikaa bandani zaidi ya siku 4 inarefusha vichipukizi na kupauka. Inayotoka meza ikae uani kwa Mama, jua la asubuhi tu.

Mwalimu Mwanga: Maji saa 12 na nusu asubuhi kabla watu hawajaingia. Mbuyu hapana. Jioni pulizia majani kwa bomba kutoa vumbi. Utitiri unapenda majani yenye vumbi na hewa kavu, mkiona vidoa vya njano geuzeni jani mtazame chini. Ukiwepo, sabuni ya maji ml 5 kwa lita, jioni.

Dada Gungu: Kwenye vibandiko tunaandika umri?

Mwalimu Mwanga: Andika jina la Kiswahili, jina la kisayansi, mtindo, na mwaka ulioanza kuulea kwenye chungu. Umri wa kukisia usiandike. Na jiandaeni na swali la sindano, kila mtu atauliza tunaichoma miti dawa gani isikue.

Mzee Ujiji: Jibuni hivi: hakuna dawa. Tunakata machipukizi juu na mizizi chini, basi. Mkiulizwa kama mkwaju unazaa, ndiyo, na ukwaju wake unakuwa wa ukubwa wa kawaida. Jani linapungua, tunda halipungui.

Buzebazeba: Na wakitaka kugusa?

Mama Isevya: Nimefunga kamba sm 60 mbele ya meza. Watoto wa shule wanakuja Jumatatu, siku hiyo nataka watu wawili kila meza. Nani na nani?

Dada Gungu: Mimi na shangazi meza ya kwanza.

Fundi Waya: Meza ya tatu.