Mjadala: Serikali iwalipe wakulima wa Australia Kusini wang'oe mizabibu?

Mleta mada: Riverland, wilaya ya joto kali kando ya mto Murray, ndiko inakotoka takriban theluthi moja ya zabibu za mvinyo za Australia. China ilipoutoza mvinyo wao ushuru uliofika hadi asilimia 218 mwaka 2021, matangi yalijaa mvinyo mwekundu. Ushuru ulifutwa Machi 2024, lakini bei ya zabibu nyekundu ilikuwa imeshuka chini ya gharama ya kuzilima. Sasa wapo wanaotaka kila hekta inayong'olewa ilipiwe fidia. Napinga kabisa!

Hili lilishafanyika. Katikati ya miaka ya 1980 serikali iliwalipa wakulima wang'oe, na Barossa, wilaya nyingine ya mvinyo ya Australia Kusini, ikapoteza mizabibu ya kale ya Shiraz na Grenache, aina za zabibu nyekundu. Ulaya mizabibu mingi ya umri huo iliteketezwa na mdudu filoksera, ambaye Australia Kusini hajawahi kuingia. Baadaye wanunuzi wakazisaka zabibu hizohizo kwa bei kubwa. Mzabibu wa miaka 100 unaurudishaje?

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu yangu, unachanganya wilaya mbili. Barossa ina mizabibu mingi ya kale yenye mizizi ya kina, inayozaa kidogo na kuuzwa ghali. Riverland bila maji ya mto hakuna zabibu. Ni mashamba ya mavuno mengi, yanayovunwa kwa mashine. Kule haki ya kutumia maji ya mto huweza kuuzwa peke yake, bila ardhi. Mkulima aliyeelemewa na madeni anaiuza, shamba linatelekezwa, kisha wadudu na magonjwa wanahamia kwa jirani ambaye bado anajitahidi. Huyo jirani unamwambia nini?

Mleta mada: Kuhusu mashamba yaliyotelekezwa nakuelewa, na jirani huyo anastahili kulindwa. Basi yasafishwe hayo. Ila mzabibu wowote uliozidi miaka 35 usilipiwe kung'olewa; tangu 2009 Barossa wenyewe huanzia umri huo kuuita mzabibu wa kale. Na shina lenye afya lising'olewe: likatwe juu, lipandikizwe Fiano au Vermentino, zabibu nyeupe zinazostahimili joto. Wapo wakulima wa Riverland wanaozilima tayari.

Mchangiaji wa pili: Kupandikiza ni gharama, na mavuno ya msimu unaofuata hupotea. Mkulima ambaye benki imeshamkatalia atakula nini msimu huo? Fiano nayo soko lake ni dogo. Wakihamia wote, bei itaporomoka vilevile. Mimi naunga mkono fidia, lakini kwa anayeacha kilimo cha zabibu moja kwa moja, asije akapanda tena miaka mitatu baadaye.